Inazima jua likipanda: kisa cha baiskeli ya injini iliyolala masika mawili Pangani

Baiskeli ya injini iliyotelekezwa huja kwa fundi na magonjwa ya namna mbili. Yapo yaliyoipata ikiwa imelala: petroli iliyochacha, kutu kwenye tanki, kabureta iliyoziba. Na upo ugonjwa uliosababisha ikalazwa. Ya kwanza yanaonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo yanayotibiwa. Injini inawaka, mwenye mali anafurahi, na haupiti muda mrefu chombo kimerudi bandani. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu ugonjwa wa asili ulijitaja siku ya kwanza kabisa, kupitia kinywa cha mwenye chombo.

Ni Phoenix nyeusi ya inchi 28, yenye breki za vyuma na karia kubwa nyuma. Imefungwa injini ndogo ya stroki mbili ya Kichina, zile zinazouzwa pamoja na tanki, cheni na gia ya nyuma ndani ya boksi moja. Boksi limeandikwa 80cc. Ukipima mwenyewe, kipenyo cha silinda ni milimita 47 na pistoni inatembea milimita 38, kwa hiyo ujazo halisi ni kama 66cc. Ni vizuri mtu alijue hilo mapema, maana anayeamini ana 80 ataidai injini kazi ya 80.

Mwenyewe ni mzee wa Pangani anayeuza nazi. Huzitoa mashamba ya ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, akavuka nazo kwa kivuko na kuzisambaza mjini. Baiskeli ilikaa bandani masika mawili, na muda wote huo upepo wa chumvi unaipiga.

"Shikamoo, mzee. Kabla sijaigusa, hebu nieleze, siku za mwisho ilikuwa inakufanyia nini?"

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi inakwenda vizuri tu, sina neno nayo. Jua likipanda, na mzigo uko nyuma, inaanza kulegea, inalegea, mwisho inazima. Nikikaa kivulini kidogo nikapiga pedeli, inawaka. Nikachoka kupumzika nayo, nikaiweka."

Maelezo hayo ni nusu ya kazi. Ingekuwa inakatika ghafla ningefikiria waya uliolegea. Hii inalegea kwanza, inazima ikiwa na joto na mzigo, na ikipoa inawaka. Kwa dalili hizo watuhumiwa ni watatu. Wa kwanza ni tundu la hewa la mfuniko wa tanki: likiziba, petroli inayoshuka haifuatwi na hewa, basi inagoma kushuka hadi usimame kidogo. Wa pili ni koili ya magneto, kile kifaa cha sumaku kinachotengeneza umeme wa cheche. Waya wake ni mwembamba sana, na ukiwa na ufa, joto huuachanisha na cheche inapotea mpaka ipoe. Wa tatu ni injini kunyonya hewa isiyopitia kwenye kabureta, mchanganyiko ukawa mwepesi, pistoni ikapata moto na kutanuka hadi ikaanza kubana ndani ya silinda.

Huyu wa tatu ndiye ninayemwogopa. Kwenye stroki mbili kama hii oili inaingia pamoja na petroli, hakuna sampu ya oili chini wala pampu yake. Hewa ikizidi, petroli imepungua, na petroli ikipungua oili nayo imepungua. Kwa hiyo pistoni inapata moto zaidi katika saa ileile inapopata kilainishi kidogo zaidi.

Lakini huwezi kumhoji mtuhumiwa wa joto kwenye injini isiyowaka. Ilibidi kwanza tuyaondoe magonjwa ya kulala.

Pedeli haikupigwa kabla plagi haijafunguliwa. Ringi za pistoni iliyokaa muda mrefu kwenye hewa ya bahari zinaweza kuwa zimeshika ukuta wa silinda, na mtu akilazimisha kwa nguvu za miguu anavunja ringi au anachana silinda. Nilimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, nikaacha usiku kucha, kisha nikazungusha tairi la nyuma taratibu mbele na nyuma mpaka pistoni ikatembea yenyewe bila kukwaza. Klachi nayo ilikuwa imegandana. Ukifungua kifuniko chake unaona vipande vya klachi vimekaa ndani ya gia kubwa. Vilifutwa kwa petroli, sahani ikapigwa msasa mwepesi, na grisi ikawekwa kwenye meno ya gia peke yake. Grisi ikigusa vile vipande, klachi itateleza mpaka uifungue tena.

Tanki lilioshwa kwa siki na konzi ya nati za kukwangulia kutu, likatikiswa, likaachwa, likatikiswa tena. Baada ya siki lazima upitishe maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ile asidi, ukaushe juani kabisa, halafu usuuze kwa petroli yenye oili, la sivyo kutu mpya inaanza kesho yake. Koki ya mafuta ina kichujio cha wavu kwa ndani ambacho wengi hawajui kama kipo. Hiki kilikuwa kimeziba chote.

Kwenye kabureta, petroli ilikauka ikaacha utando wa kahawia unaonata. Jeti kuu ya kabureta hizi, ile nozeli inayopima petroli, ina tundu la kama milimita 0.7, na utando mwembamba tu unatosha kulifunga. Usilichokonoe kwa waya wa chuma, maana utalitanua na vipimo vyote vitaharibika. Pwani hatukosi nailoni ya mshipi, na uzi mwembamba wa nailoni unapita humo bila kukwaruza chochote.

Upande wa umeme chumvi ilikuwa imefanya kazi yake. Viungio vya waya vilikuwa kijani vitupu, na swichi ya kuzimia ilikuwa imeota kutu kiasi cha kuunganisha waya na bodi muda wote, yaani injini ilikuwa imezimwa siku zote. Nilipoutoa waya wa swichi, cheche ikarudi. Mita ilionyesha kati ya omu 300 na 400 kwenye waya wa bluu na mweusi wa koili, ambavyo ndivyo inavyotakiwa. Viungio vyote vilikatwa, vikaunganishwa kwa risasi na kufunikwa vizuri. Waya mweupe haukuhitajika, nikauziba peke yake usiguse kitu. Plagi iliyokuja na boksi niliiweka kando nikafunga NGK B6HS yenye nafasi ya milimita 0.6.

Ikawaka. Moshi mwingi wa ile oili ya kulainishia ringi, kisha ikasafika. Mzee alitaka aondoke nayo jioni ileile, na mtaa mzima ulikuwa upande wake. Nilimwomba aiache, kwa sababu ugonjwa aliokuja nao ulikuwa bado haujaguswa, na yeye angeenda kuupata tena katikati ya jua akiwa na mzigo.

Nilifunga viroba vya mchanga kwenye karia, nikasubiri adhuhuri, nikaipandisha mwinuko wa barabara ya kwenda Muheza. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Baadaye nilipofunga akselereta, silensa, yaani mzunguko wa injini isipopewa mafuta, haikushuka, ilibaki juu inalia, kama mtu ameshikilia waya. Kisha ikaanza kulegea vilevile alivyosema mzee. Hapo ni kubana klachi mara moja, kwani pistoni ikishika kabisa tairi la nyuma linafungwa na wewe unakwenda chini.

Uchunguzi wa aina hii hufanywa palepale ikiwa na moto. Ukisubiri ipoe ushahidi wote umeondoka. Nilifungua mfuniko wa tanki: hakuna hewa iliyovuma kuingia. Nikachomoa mpira wa mafuta: petroli ilimiminika bila kusita. Mtuhumiwa wa kwanza akaachiwa. Nikafungua plagi kwa kitambaa, nikaigusisha kwenye hedi na kuzungusha tairi: cheche ya bluu, kali, injini ikiwa na joto lake lote. Wa pili naye akaachiwa. Na kauri ya plagi yenyewe ilikuwa nyeupe pe, wakati mchanganyiko ukiwa sawa inatakiwa iwe na rangi ya kahawia. Silensa inayopaa, plagi nyeupe, nguvu inayoyeyuka na joto: injini inanyonya hewa mahali.

Swali likawa ni wapi. Wengi hubahatisha, wanabadilisha gasketi hii na ile. Njia ya uhakika ni kuijaza injini upepo kidogo na kuangalia unatokea wapi, na presha inayotakiwa ni ndogo mno, ambayo geji ya tairi haiisomi. Kinachoisoma vizuri ni kipimo cha mkono cha presha ya damu, chenye saa na kile kipira cha kubinya. Nilitoa kabureta, nikavalisha mpira kwenye mdomo wa bomba la kuingizia hewa na kuubana kwa klipu, nikaziba njia ya eksozi kwa kipande cha mpira chini ya flenji, plagi ikabaki mahali pake, pistoni juu kabisa ili bomba liwasiliane na chumba cha krenki, yaani cha mhimili wa injini chini ya pistoni. Ukibinya hadi milimita 250 za zebaki inatosha. Injini nzima inashikilia presha hiyo au inashuka polepole sana. Hii ilishuka huku unaitazama.

Nikapaka povu la sabuni. Chini ya bomba la kuingizia, pale linapokutana na silinda, mapovu yalichemka. Nikafungua kifuniko cha magneto, nikatoa rota, na kwenye sili ya krenki nyuma yake, ule mpira unaozuia hewa kupita kwenye mhimili, mapovu madogo yalikuwa yanajitokeza moja baada ya jingine. Midomo ya sili ilikuwa imekauka na kuwa migumu. Huo uvujaji wa pili ni wa kulala bandani. Ule wa kwanza, mkubwa, ndio wa asili.

Nati mbili zinazoshika lile bomba zilizunguka kwa vidole. Hapa fundi mwenye haraka anabadilisha gasketi, anakaza, kazi imekwisha, na kwa wiki chache itakuwa kweli imekwisha. Ila nati hazilegei bila sababu. Kitu kilikuwa kinazitikisa.

Nikaitazama injini inavyokaa kwenye fremu. Aliyeifunga mwanzo alizungushia bomba za fremu vipande vya tyubu ya zamani, safu juu ya safu, ndipo akabana injini juu yake. Nia yake inaeleweka: rangi isikwaruzike na mtetemo upungue. Watu wengi hufanya hivyo, na ndiko kosa liliko. Mipira ya kubebea injini ya gari imetengenezwa kwa vipimo, kwa uzito na mwendo unaojulikana. Hapa injini imeshikwa sehemu mbili tu, na inavutwa upande mmoja na cheni. Tyubu ikiwekwa katikati, injini inapata nafasi ya kucheza. Ukiishika silinda kwa mkono na kuisukuma, unaiona inayumba. Kila mlipuko inatikisika, kabureta inayoning'inia kwenye bomba lake inapigapiga, nati zinalegea, hewa inaingia, pistoni inapata moto. Cheni nayo haidumu na mkazo wake, kwa sababu injini yenyewe inasogea.

Ndiyo maana naiita tyubu ile chanzo, na mengine yote matokeo. Niliitoa yote. Vishikizo vya injini vikapigwa tupa hadi vikakaa sawasawa na bomba la fremu, chuma kwa chuma, na pale palipobaki nafasi nikaweka bati jembamba la alumini. Bolti mpya, nati zenye plastiki ndani zisizolegea ovyo. Ukiendesha sasa unausikia mtetemo zaidi mikononi, na mzee aliulalamikia kidogo. Nilimweleza kwamba mtetemo anaousikia yeye unabebwa na fremu nzima, na ule wa zamani ulikuwa unamalizikia kwenye nati za bomba.

Silinda ilifunguliwa. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima upande wa eksozi, upande unaopata moto zaidi, na hiyo ilithibitisha kwamba kule kulegea kwa mchana kulikuwa pistoni inaanza kushika. Bahati yake haikuwa imechimba. Ilisafishwa kwa msasa laini wenye oili, ringi zikabadilishwa zote mbili, sili za krenki pande zote mbili, gasketi zote.

Tundu la eksozi lilikuwa limejaa ukoko wa masizi kiasi cha kupungua, na masizi hayo yana habari yake. Mzee alipoanza kupata shida, wenzake walimshauri aongeze oili kwenye petroli kwa kuwa injini inachemsha. Akaongeza, akipima kwa kifuniko cha chupa na macho. Ushauri huo unasikika kuwa na akili, lakini oili haizibi pale hewa inapoingilia. Kinachoongezeka ni moshi, masizi na plagi chafu. Tena oili yenyewe ilikuwa ya mashine za boti, ile yenye alama ya TC-W3, kwa sababu Pangani kila mwenye boti anayo. Oili hiyo ni nzuri kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Injini inayopozwa na upepo ina joto kubwa zaidi na inataka oili ya 2T yenye alama ya JASO FC au FD. Sasa anachanganya mililita 40 kwa kila lita moja ya petroli, na amepewa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano: anavuta mara mbili, anamimina, anatikisa dumu. Kubahatisha kumekwisha.

Limebaki gurudumu la nyuma, na hili nawaomba wanaofunga injini kwenye Phoenix, Hero na baiskeli za namna hiyo walishike. Gia ya nyuma inayokuja kwenye boksi hubanwa kwenye njiti kwa bolti 9 na vipande vya mpira. Hesabu hiyo imepangwa kwa gurudumu la njiti 36, yaani 18 kila upande, bolti moja kwa kila njiti mbili. Baiskeli hizi zetu nyuma zina njiti 40, upande mmoja 20. Bolti 9 haziwezi kugawana njiti 20 sawasawa. Utazilazimisha zikae, gia itakuwa imeenda pembeni kidogo, cheni itakaza na kulegea kila mzunguko, na njiti zitakatika moja moja. Ya mzee ilikuwa imeshakatika kadhaa upande wa gia. Tulichonga kishikio cha vipande viwili kwenye karakana ya kukereza vyuma, kinachobana habu yenyewe, gia ikafungwa hapo. Njiti zimebaki na kazi yake ya kubeba gurudumu.

Breki nilizifanyia kazi kuliko mzee alivyotarajia. Ndani ya injini mwendo unapunguzwa mara 4.1, na kati ya gia ya mbele yenye meno 10 na ya nyuma yenye 44 unapunguzwa mara 4.4, jumla kama mara 18. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, tairi la inchi 28 linakupa karibu kilomita 37 kwa saa. Breki za vyuma zilifikiriwa kwa mtu anayepiga pedeli. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika kusimama katika umbali uleule ni mara nne, na hapo hatujaweka nazi. Vipira vyote vinne vimebadilishwa, vyuma vimenyooshwa na pini zake zilizolika zimetolewa. Tumekubaliana kilomita 25 kwa saa akiwa na mzigo, na mvua ikinyesha anafunga akselereta mapema zaidi, maana ringi ya chuma ya gurudumu ikilowa vipira vinateleza kwanza ndipo vinashika.

Matunzo aliyokabidhiwa si mengi. Asubuhi kabla ya kuondoka anashika silinda na kuisukuma: ikicheza, hakuna safari mpaka nati zikazwe. Anabonyeza cheni katikati, inatakiwa ishuke kama sentimita moja na nusu. Kila mwisho wa wiki anapitia nati za bomba la hewa, za eksozi na za hedi, hizi za hedi kwa kupishanisha pembe na kidogo kidogo. Akifika nyumbani jioni anafunga koki ya mafuta na kuacha injini iimalize petroli iliyoko kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Mara moja kwa mwezi anafungua plagi kuangalia rangi. Akiiona imeanza kuwa nyeupe anakuja kwangu siku hiyohiyo. Na masika yakimzuia kuvuka kwa muda mrefu, anamwaga petroli yote, anatia oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, anazungusha tairi mara chache, anafunga plagi, na kila anapopita bandani analizungusha tena kidogo.

Nilipoipandisha tena mwinuko ule adhuhuri na viroba vilevile, silensa ilishuka kila nilipofunga akselereta, na plagi ilitoka kahawia. Kinachonisumbua bado ni breki ya mbele. Natafuta habu ya mbele yenye breki ya ngoma itakayoingia kwenye foku ya Phoenix bila kuitanua, na mzee ameshakubali kuinunua ikipatikana.